Konyeza

Hamsini. Mshale unataka hamsini,
si pungufu, si zaidi,
na nchi nzima imelala juu ya namba hiyo
kama mtoto gotini.

Agosti, Barka, saa nane za usiku.
Nje joto halijashuka na hewa imelowa,
hata vyuma vinatoka jasho.
Kuanzia Sohar hadi Sur
kila chumba kina sanduku linalonguruma ukutani
na kila sanduku linanyonya kwangu.
(Nasema kwangu. Mshahara wangu husema vingine.)

Bibi Zuwena hajaielewa kazi hii.
"Makaa yenu mnanunua wapi?" huniuliza,
yeye aliyepikia seredani Vikokotoni miaka ishirini
na anajua moto ni kitu cha kupepewa.
Namwambia, Bibi, hatuchomi makaa, ni gesi,
inakuja kwa bomba toka jangwani,
haina rangi, haina masizi.
"Moto usio na majivu," anasema,
"utajuaje umekula nini?"
Mwaka wa tatu huu, sijampatia jibu.

Saa nane na robo redio ikakohoa.
Delowar, kule mdomoni mwa mfereji
ambako mitambo hunywa bahari isife kwa joto lake:
"Konyeza! Konyeza, bosi, nyingi!"
Neno nilimfundisha mimi, zamu ya Ramadhani,
tukisubiri daku.
Naye alinipa la kwao. Nikalisahau.

Zilikuja kwa maelfu, laini, bila nia,
bila mfupa, bila hata uso wa kulaumiwa,
zikajibandika kwenye vichujio
kama tongo jichoni.
Maji yakapungua. Joto likapanda.
Mashine namba mbili, tani mia tatu za chuma,
ikaanza kutetemeka
kwa sababu ya ute.

Arubaini na tisa nukta saba.
Nukta sita.

Simu kutoka Maskati, sauti ya Thuwaini,
kavu, ya mtu aliyekaa penye ubaridi:
"Tunakata laini nne."
Hakuna aliyeuliza nani anakaa mwisho wa laini.
Kwenye kioo changu vilikuwa vistari vinne vya kijani,
vikageuka vyeusi. Basi.

Kule mferejini walikuwa watatu
na reki, na ndoo, na glavu zilizotoboka.
Konyeza huwasha, kila mtoto wa pwani anajua,
na lugha yetu, sijui kwa ubahili au kwa busara,
imetumia neno lilelile kwa taa.
Usiku ule waliwashwa wao
ili tuwashe sisi.

Alfajiri, hamsini.
Bibi akapiga simu kabla sijavua viatu.
"Taa imenikonyeza," akasema,
"mara moja tu, kama mtu anayenijua, kisha ikaenda zake."
Akatia makaa kwenye chetezo, akatupia ubani,
akakaa uani hadi adhana.
Hakulalamika. Alikuwa, nahisi, amefurahi.

Laini ya tatu sikuijua mpaka nilipofungua daftari:
kambi ya wafanyakazi, nyuma ya ghala la saruji.
Ilirudishwa mwisho, saa tatu asubuhi.
Delowar alikwenda kulala
akakuta kiyoyozi kimya, godoro limelowa,
na wenzake saba juu ya paa
wakigombea kivuli cha tangi la maji.

Mchana nilipita penye mfereji.
Lundo walilolitoa, refu kuliko mimi usiku ule,
lilikuwa limekwisha kuwa maji, na maji hewa.
Sakafuni zilibaki duara nyeupe,
alama za bilauri juu ya meza
baada ya wageni kuondoka.

Jioni yake akashuka kwenye basi, mikono imevimba
mpaka viwikoni, ameipaka siki.
Nikamwomba anipe tena lile neno la kwao.
Akalitamka polepole, mara mbili,
kama unavyomwelekeza mtu njia
na huna hakika atafika.

Safari hii nililiandika.
Kwenye daftari la zamu, safu ya "Sababu ya hitilafu",
la kwake, kisha langu.
Mkubwa atauliza ni lugha gani hizo.
Na aulize.